Jina la Katibu wa Kwanza

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Bado unateremka hospitali ya Mawenzi kuuonyesha, au dawa zimekusaidia? Na Baba, kifua kimetulia na baridi ya huko juu? Mimi ni mzima wa mwili. Ningepiga simu, ila haya nisingeweza kuyasema huku nakusikia ukipumua.

Nimepewa kazi ya kuandika historia ya klabu ya wasichana hapa chuoni. Jumamosi nilimtembelea Bibi Salome, mwenyekiti wake wa kwanza. Alinieleza kuwa enzi zao wasichana walikuwa wachache, na wavulana walibandika karatasi ukutani wakiwataja majina na kuwasingizia mambo machafu. Wasichana wakaogopa hata kwenda kula. Ndipo wakaanzisha klabu, chumbani kwa katibu wao, msichana wa Kichagga.

"Siku moja alizichana karatasi zile zote, mchana kweupe," akasema. "Wakubwa wa chuo wakamwambia aombe radhi au aondoke. Akawauliza, 'Radhi nimwombe nani?' Akafunga sanduku lake."

Nikauliza jina. Akataja lako, lile la usichana.

Akaniuliza, "Wewe si wa Moshi? Humjui?"

"Hapana, Bibi."

Nilikukana, Mama. Nilikumbuka asubuhi ile naondoka, uliponiasa nisinyamaze nikionewa, nami nikakujibu mbele ya shangazi, "Wewe uliyefukuzwa chuo utanifundisha nini?" Ukaendelea kumenya ndizi za mtori. Miaka yote nilidhani ulifeli. Wenzangu niliwaambia mama yangu hakusoma.

Jana nilirudi. Nikamwambia, "Bibi, nilikudanganya. Yule ni mama yangu." Alinishika mkono, akalia. Akakiri kwamba siku ile hakuna hata mmoja wao aliyekusindikiza getini. Waliogopa, wakachungulia dirishani. Anataka kuja kukuona. Nimemwambia nitakuuliza kwanza.

Kwenye historia, nafasi ya jina la katibu nimeiacha wazi. Usipotaka liandikwe, nitaelewa. Msamaha pia siudai, nauomba.

Msalimie Baba, na kaka kule mpungani Mabogini. Shangazi wa Rau msomee barua hii yote, usiruke mstari. Alikuwepo nilipokutukana, na awepo nikijirudi.

Mimi mwanao, niliyechelewa kukujua,
Anjela