Kiganja Kikiinuliwa

Binti yangu,

Mimi baba yako nina miaka themanini na mbili. Nimewazika kaka zangu wote, mabosi wangu wawili, na yule daktari aliyesema sitafika sitini. Kwa hiyo afya yangu usiulize. Wewe hujambo huko kazini? Kile kifua kimepoa? Naandika kwa mkono wangu; herufi zikipinda, zivumilie.

Mwanao, Bwana Mdogo, anakula na anakua. Masikio ni yale yale, hata radi hayasikii. Ila chekechea wamemchanganya na wenzake wanaosikia, na darasa zima linaongea kwa ishara, hata wale wasionyamaza. Mwalimu wake alituita walezi, akasema mtaala ni wa shule na nyumbani pamoja: ishara ya darasani ndiyo iwe ya mezani. Mimi sikwenda. Nilimwambia jirani, yule fundi cherehani, kwamba nimelea watoto saba, msichana wa juzi atanifundisha nini? Akanicheka, akasema mzee, kichwa hicho kingefaa kupigilia misumari.

Jumanne watoto walikuwa wanatoka getini, lori la mchanga likarudi nyuma. Mwalimu, aliyetangulia ng'ambo ya barabara, akainua kiganja. Wote wakaganda, hata yule wa magongo. Mwanao peke yake akachomoka mbio kumfuata, anacheka. Dereva alikanyaga breki, tairi likasimama juu ya kandambili yake. Mguu ulikuwa umeshatoka.

Kamati ya shule ikasema mtoto hafundishiki, atolewe, na mwalimu ajieleze.

Binti yangu, ni mimi. Shuleni kiganja juu ni simama. Kwangu kiganja juu ni njoo uchukue biskuti. Nilimzoesha mwenyewe, nikijisifu kwamba ananielewa upesi kuliko anavyomwelewa mwalimu. Jana nimeiambia kamati hivyo hivyo. Wamekubali abaki, mradi nami nikae darasani. Nakaa kiti cha mtoto, magoti masikioni, najifunza. Yeye bado hajaacha. Leo mwalimu kainua kiganja, mwanao akaja mbio, mkono mbele, anadai biskuti.

Ndiyo maana barua hii nimempa dereva wa basi ikufikie kabla ya safari yako ya Jumamosi. Nakujua. Ukishuka ng'ambo ya barabara ukamwona mlangoni kwetu, utampungia. Usimpungie. Shika mizigo kwa mikono yote miwili, uvuke wewe.

Fundi cherehani anakusalimu, nami nakuombea njia njema. Ukidhani ni uzee unaosema, muulize mwalimu. Muulize dereva wa lori, tangu Jumanne hajagusa usukani. Kandambili ninayo hapa.

Ni mimi baba yako.