Vikapu Viwili vya Fifi

Nyanya yangu mpendwa,

Nilifika siku mbili baada ya mazishi. Mama alinipeleka nyuma ya migomba akanionyesha mahali ulipolala, na sikulia. Nilisimama tu, nikitafuta neno la kukuambia, na neno lililokuja ni lile ambalo nimelificha tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nilishindwa kulisema kwa sauti, ndiyo maana ninaandika.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho sisi wawili. Wewe ulikiokota sokoni Bwera, kwa wachuuzi waliovuka mpaka kutoka Kongo. Mimi nilikikuta kambini kwa polisi Kasese, alikofanya kazi baba, kisha nikafundishwa vizuri na mke wa sajini mmoja, mwanamke wa Mombasa, aliyenikalisha kibarazani kwake kila Jumamosi na daftari. Nilipokuja kwako likizo nikajaribu kurekebisha maneno yako, ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Afande," uliniita, "weye unaongea kama karatasi."

Ulikuwa mama kabla hujawa nyanya, na Mama anasema ulikuwa mama mkali. Mumeo alipokufa ulibaki na watoto watano na shamba la pamba kule chini, kwenye tambarare ya kuelekea Kinyamaseke, ambako jua huchoma hata nyayo. Ulilima wewe mwenyewe. Mama alipotaka kuolewa na polisi wa kabila jingine, kutoka Soroti, ukoo mzima ulikataa. Wewe uliuliza swali moja tu: "Huyo mutu anajua kushika jembe?" Baba akapewa jembe, akalima mistari miwili huku watu wakimwangalia, na mambo yakaisha.

Mimi nilikukuta umeshakuwa mpole. Kila Desemba nilikuja kukusaidia kuchuma. Ulinifundisha kuvuta pamba kwa vidole vitatu ili jani kavu lisifuatane nayo. Jioni tulimwaga mavuno kwenye mkeka tukachambua: pamba nyeupe iliingia kwenye gunia la safi, na ile yenye madoa, iliyoumwa na wadudu, ikawekwa kwenye vikapu vya fifi, ikauzwe peke yake kwa bei ya chini. Kisha tulikula obundu, ule ugali wa muhogo, na maharagwe, nawe ukaniuliza habari za kambini kana kwamba ni habari za nchi ya mbali.

Mwaka ule, Nyanya, ndipo nilipogundua. Uliniuliza, "Mutoto, jua imefika wapi?" na jua lilikuwa linakupiga usoni. Uliwatambua watu kwa kikohozi chao. Vidole vyako vilifanya kazi upesi kama zamani, lakini doa kwenye pamba halishikiki kwa kidole. Pamba chafu ni laini sawa na safi. Ulinishika mkono ukasema, "Usiambie mutu. Babu yako mudogo akijua, atasema shamba imenishinda. Weye utachambua, mimi nitafunga gunia."

Nikakubali. Nilijiona mkubwa sana.

Wiki ile ile lori la polisi lilikuwa liwapeleke watoto wa kambi mbugani Mweya kuona viboko. Nilitakiwa niwe Kasese asubuhi ya Jumamosi. Wewe ulisema, kwa upole, kwamba nimalize mkeka kwanza, kwa sababu Jumanne ghala la pamba linafunguliwa. Ulikwenda jikoni kuepua sufuria. Palikuwa na vikapu vitatu vya fifi vilivyojaa na lundo kubwa ambalo sikuwa nimeligusa. Nililisukuma lile lundo lote ndani ya gunia la safi bila kulitazama. Kisha, ili nisibakiwe na kazi ya kufungasha fifi yote ile na wewe usiniulize kitu, nikamimina humo vikapu viwili vya fifi, nikaweka pamba nyeupe juu.

"Umemaliza?" uliuliza.

"Nimemaliza."

"Mutoto muzuri."

Viboko niliwaona. Nilikula mkate wenye siagi juu ya lori. Jumapili nilirudi kwako nikiwa nimeshasahau, au nimejilazimisha kusahau.

Jumanne tulisimama kwenye foleni pale Kinyamaseke, wewe umevaa kitambaa chako cha kanisani. Ulikuwa ukikivaa siku ya kuuza kwa fahari, kwa sababu makarani walijua pamba yako na mara nyingi hawakuifungua. Karani wa mwaka ule alikuwa mgeni. Aliingiza mkono hadi begani akavuta kutoka katikati ya gunia, akatazama, akaangusha chini. Akavuta tena. Mwishowe akalipindua gunia lote mavumbini.

"Mama, hii nini? Safi juu, fifi tumboni. Unacheza na serikali?"

Mtu mmoja nyuma yetu akasema, "Leo Mama Biira ametuletea pamba ya chui," na foleni yote ikacheka. Nilikuwa nimesimama karibu nawe kiasi kwamba sketi yangu iligusa gauni lako. Ulihitaji kunyoosha kidole tu. Ungesema, "Ni mutoto amechambua," na watu wangesema ndivyo watoto walivyo, na ningechapwa, na ningenyamaza baada ya saa moja.

Badala yake ulisema, kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni, "Si mwizi mimi. Macho yangu ndiyo imeisha. Tangu mwaka jana sioni madoa."

Babu Mdogo, ndugu wa mumeo, alikuwa mtu wa nne nyuma yetu.

Alikuja jioni. Hakugomba. Alikunywa chai yako, akasema, "Shemeji, pamba inataka macho. Utabaki na migomba na maharagwe hapa nyumbani. Kule chini nitalima mimi." Ukasema, "Sawa." Mimi nilikuwa ninaosha vikombe. Niliosha kimoja kile kile mpaka akaondoka.

Miaka iliyofuata nilipokuja Desemba hatukuwa na kazi ya mkeka. Wanawake waliteremka kwenda kuchuma, nawe ulikaa ukiwauliza kutoka mbali kama pamba imepasuka vizuri. Walikujibu kwa heshima. Lakini niliwasikia pia wakisema kwamba labda hata zamani, macho yakiwa mazima, magunia yako hayakuwa safi hivyo.

Likizo iliyopita ulikuwa unapukuchua maharagwe. Ukaniita kwa jina langu bila kugeuka, kama mtu anayesema habari ya chumvi, "Masika, siku ile fifi ilikuwa vikapu tatu. Nilishika kila kimoja kwa mukono yangu. Nilipofunga gunia, vikapu viwili vilikuwa tupu."

Ulinifungulia mlango, Nyanya. Ulingoja. Nami nikasema, "Acha niteke maji kabla giza halijaingia," nikachukua ndoo nikaondoka. Niliporudi ulizungumza mambo mengine, na nilishukuru. Hiyo ndiyo inayoniamsha bwenini, kuliko hata gunia. Gunia lilikuwa la mtoto wa miaka kumi na mmoja. Ndoo ilikuwa ya msichana wa sekondari.

Jumamosi tunamaliza matanga. Nimemwomba Mama nafasi ya kusoma barua hii mbele ya watu. Aliisoma yeye kwanza, polepole, akairudia mara mbili.

"Babu yako mdogo atakasirika," alisema.

"Na wewe, Mama?"

"Mimi nimeshakasirika. Utasoma."

Tangu hapo hajaniambia mengi, ila jana usiku alinifunika blanketi akidhani nimelala.

Wanawake wa ile foleni watakuwepo, na Babu Mdogo atakaa mbele. Siombi shamba, sijui kama neno la msichana linaweza kurudisha shamba, na wewe huwezi tena kulilima. Ninataka tu wajue kwamba pamba ile ya chui ilikuwa yangu. Kwamba miaka yote uliyouza, mkono wa karani ungeweza kuingia hadi chini ya gunia na kutoka na pamba nyeupe. Kwamba ulijua, na ukatoa siri yako uliyoiogopa kuliko zote ili kunisitiri mimi niliyekuwa nimekula mkate kwenye lori.

Nikimaliza kusoma nitabaki nimesimama hapo hapo, mpaka mwenye swali la mwisho aniulize.

Pumzika, Nyanya. Nisamehe ukiweza.

Mjukuu wako,
Masika, binti wa Biira