Meza ya Jeruto

Karagita, Naivasha
7 Oktoba 2007

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. Natumaini baridi ya Olenguruone haijakushika kifua na kwamba yule ng'ombe mkorofi sasa anakubali kukamuliwa. Sisi tu wazima. Jeruto ni mzima kabisa, tena ananawiri, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mama, mwaka jana uliniambia nimshike mdogo wangu mkono. Nilimshika. Nilimwombea kazi kwenye shamba la maua, nikamsimamisha kwenye meza yangu, nikamfundisha kupanga waridi kwa urefu na kuyafunga mashada. Chumba chetu ni kimoja, kitanda kimoja, na blanketi analivuta yeye.

Sasa meneja wetu, Bwana Mayur, ameleta utaratibu mpya. Amesema mambo ya kukaa darasani yamekwisha, tufundishane wenyewe mezani, na mwisho wa mwezi atachagua mmoja wetu awe mwalimu wa ukumbi mzima wa kufungia maua. Nilijua ni mimi. Nani mwingine? Nilikuwa pale kabla wengi wao hawajajua waridi lina miiba.

Lakini wanawake hawaji kwangu. Umaima, ambaye tunasimama naye bega kwa bega, huniruka na kupaza sauti, "Jeruto, hebu kuja uone hii yangu!" Naye huenda, anacheka nao, anawaelekeza polepole. Mimi nikimwelekeza mtu husema nagomba. Eti nagomba! Juzi Bwana Mayur alisimama nyuma ya Jeruto kwa muda, kisha akaniuliza nilimtoa wapi mtu hodari namna ile. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Ni wivu, Mama, sina jina lingine la kuuita. Hata akilala usingizi mzuri naona ananifanyia makusudi.

Kwa hivyo nina ombi. Mwandikie umwambie mgongo unakusumbua na unamhitaji nyumbani hadi mwezi uishe. Najua ni vibaya, wala usinihubirie. Akirudi nitamtafutia kazi tena, lakini ualimu utakuwa wangu.

Ila kuna jambo nimelizunguka. Maua yake hayachubuki. Anapofunga shada hukizungusha kiganja ili miiba iangalie ndani, na hilo sikumfundisha mimi. Namtazama kwa pembe ya jicho siku nzima, na akienda kuteka maji najaribu kwa vijiti vya kuni. Mikono yangu inakataa. Kumuuliza siwezi, mimi ndiye mkubwa.

Basi, Mama, barua ya kumwita usiitume wiki hii. Ngoja kwanza nishike namna anavyoweka kidole gumba.

Nisalimie wajomba na majirani wote. Jeruto yuko hapa anapika chai, ameuliza naandika nini, nikamwambia ni salamu tu. Amesema niongeze zake, na nikuambie kwamba kila anachojua kazini amefundishwa na mimi. Nimeandika kama alivyosema.

Mwanao,
Chepkurui