Jani la Sale

Jumatano, 3 Septemba
Chai, kiporo, dawa ya magoti. Shule imekuja tena na mahema yake. Watoto thelathini, kelele za mia. Miaka ishirini nawaongoza kutembea msitu wa Meru. Jicho la kulia limekufa. La kushoto linaona ukungu hata jua likiwaka. Mwalimu hajui. Akijua, kazi imeisha, nabaki kutwa nzima na mke wangu, naye alishanichoka zamani.

Alhamisi, 4 Septemba
Tumefika maporomokoni. Miguu inaijua njia. Nimewadanganya kwamba nyati hupenda sabuni ya kunukia, mwalimu hakuoga. Binti mmoja, Neema, akaninong'oneza, "Babu, umeusalimia mti." Nikamjibu mti una adabu kuliko yeye. Akacheka. Halafu akanishika mkono, hakuuachia mpaka kambini.
Nimeogopa.

Ijumaa, 5 Septemba
Mimi ni mtu mbaya.
Ukungu ulishuka kweli. Nikatafuta masale, ile mimea ya majani marefu iliyopandwa kando ya njia. Nikayaona, nikayafuata. Kumbe ni masale ya mpaka wa shamba la mtu, na mpaka unaishia korongoni. Huku kila mtu hupanda sale mpakani. Hata mbuzi anajua.
Neema alitangulia, kanishika mkono. Akatumbukia. Mguu umevunjika. Hakulia. Niliyelia ni mimi.
Mwalimu alipouliza, mtoto akasema, "Nilikuwa nakimbia, mwalimu. Babu alinikataza."
Nikanyamaza. Mzee mzima.

Jumamosi, 6 Septemba
Wameondoka. Mwalimu kanishukuru, eti mwakani tena. Sikula.

Jumatatu, 8 Septemba
Nimekata jani la sale na kipande cha shina lake, nikaenda Sombetini kwa baba yake Neema. Kwetu Wameru ukimpelekea mtu sale umekiri kosa, naye hawezi kukunyima msamaha. Maneno nilishayapanga tangu alfajiri.
Baba mtu ni wa Tanga. Akaniamkia shikamoo, akalipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kumtunza mwanawe. Akauliza, "Mzee wangu, hii dawa inachemshwa au inapondwa?"
Neema alikuwa kitandani, ananitazama. Hata mimi niliona kwamba ananitazama.
Nikasema linawekwa tu karibu na mgonjwa.
Wameliweka kwenye kikombe cha maji, dirishani. Nimerudi nikipapasa kuta za watu.
Sale halikauki upesi. Litatoa mizizi pale pale.