Gari Linalovaliwa

Shemeji yangu mpendwa,

Kwa taadhima kubwa nakutangazia kwamba leo gari la marehemu kaka yako limeoshwa, mpaka rimu.

Siku aliyolileta, jekundu, halina mkia, limeinama kama linachungulia uvunguni, nilimuuliza, "Baba watoto, hili linapandwa au linavaliwa?"

"Ingia, acha maneno. Utazoea."

Nikazoea, hata ile ngurumo yake. Sasa umenipatia mnunuzi, naye anataka jibu. Shemeji, nakuomba, mwambie asubiri. Kila jioni nikishafunika cherehani naingia humo, nakaa kwenye kiti changu cha abiria, nafunga mkanda, namngoja. Majirani wanasema gari linaozea uani bure. Hawajakosea. Mimi sijui kuendesha.

Shemeji yako