Madigadi ya Baiskeli ya Baba Mkwe

Lulu, mume wangu amefanya jambo. Siamini.

Idrisa kachukua madigadi ya baiskeli ya baba yake, kaibandua rangi kwa dawa, kapuliza rangi ya unga, kaioka ili rangi ishike, kwenye ile oveni aliyojitengenezea kwa pipa. Ikang'aa.

Kumbe marehemu mama mkwe alikuwa ameandika jina lake mwenyewe pale, mwaka alioanza kisomo cha watu wazima kule Vuga.

Kabandua YOTE, Lulu. Yote.

Baba mkwe akaigeuza, akaigeuza tena. "Imependeza. Mwandiko wa mama yako umeuweka wapi?"

Idrisa akakaa chini kwenye majani. "Nisamehe, baba."

Mzee akapapasa pale palipokuwa na jina.

Halafu: "Lete brashi. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika kule kisomoni. Mwandiko wetu ulikuwa mmoja."

Kaandika jina la marehemu palepale lilipokuwa. Idrisa bado kakaa palepale.