Jiwe la Gobore la Baba

Mtaa wa Najma, Doha, Qatar

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepoa? Unakula, au bado unaigusa sahani na kuirudisha? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Tangu kaka Saidi aliponiambia mmemzika Baba kimya, bila gobore kulia, chakula hakinipiti.

Najua wazee wamenung'unika. Mwindaji wa kwetu husindikizwa kaburini kwa mlio wa gobore lake mwenyewe, na jiwe la kuliwashia nilikuwa nalo mimi. Siku ya safari Baba alilifungua akanifumbatisha: "Gobore halilii tena mpaka urudi. Mwana akiwa ugenini, baba hawindi." Nikadhani ananitania nisilie. Kumbe mzee aliapa.

Sasa sikia, Mama. Baba akiwa bado hai, tajiri yangu, yule mzee ninayemwendeshea gari, aliletewa bunduki ya gumegume, ya kuwashwa kwa jiwe kama gobore la Baba, ya kuunga mwenyewe: mtutu, kitako cha mti mtupu, vyuma vidogovidogo, vyote ndani ya boksi. Mikono yake inatetemeka, akaniita. Nilichonga mahali pa kulaza mtutu polepole, kama Baba alivyonifundisha, nikapiga msasa mpaka vumbi likanijaa kope, nikapaka mafuta. Nilifurahi mno. Ile harufu ya mti na mafuta ilikuwa ya uani kwetu.

Lakini jiwe la boksini liligoma kutoa cheche. Nikatoa la Baba mfukoni, nikalifunga. Likatema moto mara moja. Mzee akapiga makofi, "Zein, Juma! Zein!" yaani vizuri, akaitundika bunduki sebuleni, ndani ya kabati la kioo. Nikaona haya kulidai. Haikupita wiki, Saidi akapiga simu ya msiba.

Kila nilipopeleka kahawa nililiona jiwe kiooni, moyo ukanichoma. Jana nikapiga moyo konde.

"Mzee, lile jiwe ni la marehemu baba yangu. Kwetu wanalihitaji."

"Mbona hukusema?"

"Niliona haya."

Akaleta ufunguo. Alitaka kulifungua mwenyewe, skrubu ikamshinda, nikamshika mkono tukafungua pamoja. Nililia, Mama, mbele yake. Nikamwambia nitamtafutia jiwe jingine.

"Khalas, basi. Iache hivyohivyo. Mimi siwindi tena."

Ruhusa ya kuja sina, mkataba bado haujaisha. Kwa hiyo jiwe limekuja badala yangu. Limo ndani ya leso, pamoja na barua hii, mkononi mwa Sikudhani, binti wa jirani yetu anayerudi likizo. Saidi alifunge kwenye gobore la Baba, aende akalilize kaburini.

Nisalimie Shangazi aliyelala nawe matangani. Na yule mtani wetu mchimba kaburi aliyesema msibani kwamba nimekimbia na moto wa baba yangu, mwambie utani wake umenifika, na umeniuma kwa haki.

Siku hiyo, kabla hajafyatua, Saidi anipigie, simu aiinue juu. Nataka nisikie.

Mwanao,
Juma